Tafakari ya Juma: Njia za Mkato



Juma lililopita, baada ya Misa ya pili, kijana mmoja wa kwaya alitusimamisha mlangoni mwa kanisa na kutuuliza swali ambalo hatukulitegemea mahali pale. Siku mbili kabla alikuwa amefika ofisini kutafuta cheti chake cha ubatizo, akatuona tukifungua kurasa za intaneti, tukizifunga, tukirudi nyuma na kusonga mbele, wala hatukukigusa kipanya hata mara moja. "Baba Paroko," akasema, "mbona ile kompyuta inakutii bila kuishika?" Tulicheka, tukamwahidi kwamba jibu atalipata hapa. Ahadi ni deni, nasi tunalilipa leo, ingawa kulilipa kwake kutatulazimu kusimulia na jambo lingine ambalo kwa miaka mingi hatukupenda kulisimulia.

Vitufe hivyo vya kibodi huitwa njia za mkato. Tunajua kwamba neno hilo halina sifa njema mimbarini. Sisi wenyewe tumelikemea mara nyingi, tukiwaonya vijana dhidi ya utajiri wa haraka na vyeti vya kununua. Lakini wenyeji wa Ufipa wanajua maana nyingine, iliyo ya zamani zaidi. Mtu atokaye Muze, kule chini bondeni Rukwa, akipanda kuja Sumbawanga kwa gari, huzungushwa kona baada ya kona kwenye mteremko wa Lyamba lya Mfipa. Mama mwenye kapu kichwani hazifuati kona zile. Anajua kijia kinachopanda moja kwa moja. Ni kifupi, lakini kinamtaka mtu ajue mahali pa kuweka mguu. Njia ya mkato tunayoisema leo ni ya namna hiyo.

Labda msomaji aliyeko Dar es Salaam au Ulaya atauliza: sekunde mbili tatu za kusogeza kipanya zina uzito gani? Kwa kweli kwake hazina. Huku kwetu hesabu ni nyingine. Kwa miaka mingi mji wetu uliishi kwa umeme uliovushwa mpaka kutoka Zambia na kwa majenereta ya dizeli, na mtu aliyeketi mbele ya kompyuta hakujua kama ana saa nzima au dakika kumi. Kabla mkebo wa SEACOM haujafika pwani yetu, Julai 2009, sehemu kubwa ya intaneti ya nchi hii ilipitia kwenye setilaiti, kwa bei ya kutisha na mwendo wa kobe. Mambo yamebadilika sana tangu hapo, hatuna budi kukiri. Hata hivyo wengi wenu mnanunua vifurushi vya siku au vya juma, na kila ukurasa unaofunguka bila kuhitajiwa, pamoja na picha zake zote, unakula salio. Kadhalika wapo katika vigango vyetu watu wanaopanda kichuguu au kusimama chini ya mti fulani ili wapate mtandao. Mtu wa namna hiyo hana muda wa kutangatanga.

Basi tuanze na kitufe kinachookoa fedha kuliko vyote, nacho ni Esc, kile cha pembeni kabisa juu kushoto. Ukurasa ukiwa bado unapakia, na maandishi uliyoyataka yamekwisha kuonekana, kibonyeze. Upakiaji husimama. Picha za matangazo zilizokuwa njiani hubaki huko huko. Kinyume chake ni F5, kinachouita ukurasa upya. Hicho kitumieni kwa hadhari, kwa maana kinaweza kudai tena gharama ambayo mmekwisha kuilipa. Tutakitaja tena hapo mbele, kwa masikitiko.

Ukishikilia Ctrl na kubonyeza L, kielekezi huruka hadi kwenye sanduku la anwani, juu ya kivinjari, na anwani iliyokuwamo inakuwa tayari kufutwa. Unaandika mpya bila kushika chochote kingine. Ctrl na T hufungua kichupo kipya. Ctrl na W hukifunga kile ulichomo. Ctrl na Tab hukupeleka kutoka kichupo kimoja hadi kingine, kama mtu anayefunua kurasa za misale kwa utepe. Alt pamoja na mshale wa kushoto hukurudisha ukurasa uliotangulia, na Alt pamoja na mshale wa kulia hukupeleka mbele tena. Upau mrefu wa nafasi, ule wa chini, huteremsha ukurasa kwa hatua moja kubwa. Ukiongeza Shift, unapanda. (Kuna na Ctrl pamoja na Enter, ambayo kwenye vivinjari vingi humalizia anwani kwa .com. Imetufaa kidogo sana, kwa kuwa tovuti nyingi tunazozihitaji nchini huishia kwa .tz.)

Kipo kimoja ambacho tungependa kila katibu wa jumuiya akijue: Ctrl na F. Mtu anafungua tangazo refu la majina, mathalani orodha ya waliochaguliwa kujiunga na shule, yenye majina elfu, naye anaanza kusoma moja moja kwa kidole, huku salio likielekea ukingoni na mzazi amesimama nyuma yake akihema. Bonyeza Ctrl na F, andika jina la ukoo, kisha Enter. Tumewahi kuwaona wazazi wakipiga magoti ofisini kwa jina lililopatikana katika sekunde nne. Tumewaona pia wengine wakiambiwa katika sekunde hizo nne kwamba jina halimo, nao hawakuamini, wakaomba tusome kwa macho kuanzia mwanzo. Tulisoma.

Ctrl na S huhifadhi ukurasa ndani ya kompyuta yenyewe. Sisi hufanya hivyo kila Ijumaa kabla ya kwenda vigangoni, ili tusome habari za Kanisa usiku mahali pasipo na mtandao. Ctrl na alama ya kujumlisha huyakuza maandishi. Wazee wetu wanaosogeza pua hadi kwenye kioo wangefurahi kuambiwa hilo, na ukitaka kuurudisha ukubwa wa kawaida, ni Ctrl na sifuri. Na wale mnaotumia kompyuta za kukodi mjini, jifunzeni Ctrl, Shift na Delete kwa pamoja. Dirisha litafunguka la kufuta kumbukumbu za pale mlipopita. Msiondoke mkiacha barua zenu wazi kwa mteja anayefuata.

Sasa, tulijifunzia wapi haya? Si seminarini. Katika seminari ndogo, miaka ya tisini, tulipiga chapa kwa taipureta nzito ya chuma, tukijua tu kwamba herufi zake zimepangwa kwa mpangilio wa ajabu usiofuata alfabeti. Baadaye tulisoma kwamba mpangilio huo ulitokana na mashine ya Christopher Latham Sholes wa Marekani, aliyepata hataza mwaka 1868, na kwamba kampuni ya Remington ilianza kuziuza mashine hizo mwaka 1874. Vitufe vya kunakili na kubandika navyo vina mtu wake: Larry Tesler, aliyefanya kazi hiyo pamoja na Tim Mott katika maabara ya Xerox huko California katika miaka ya sabini. Kompyuta ya Lisa ya kampuni ya Apple ilipotoka mwaka 1983, Z, X, C na V zilikuwa zimepangiwa kazi zao za kutengua, kukata, kunakili na kubandika, kwa sababu zimekaa jirani safu ya chini, chini ya mkono wa kushoto. Tesler alifariki Februari 2020. Wangapi kati yetu humtumia kila siku bila kumjua!

Aliyetufundisha hasa ni mwalimu mmoja mstaafu wa parokia yetu, asiyeona. Alipoteza nuru ya macho akiwa mtu mzima. Mwaka 2015 alikuja na kompyuta mpakato iliyowekewa programu iitwayo NVDA, ambayo huyasoma kwa sauti yaliyomo kwenye kioo. Programu hiyo ilianzishwa mwaka 2006 huko Australia na Michael Curran, kisha akaungana naye James Teh; wote wawili hawaoni, na waliamua itolewe bure. Mwalimu alitaka tumsaidie kuiunganisha na mtandao wa ofisi. Tulimsogezea kiti, tukakishika kipanya, tukaanza kutafuta mahali pa kubofya. Akauliza, "Baba, unafanya nini? Nasikia kitu kinasuguliwa mezani." Tulimweleza. Akatabasamu, akasema, "Hicho mimi sina kazi nacho. Nipe nafasi."

Ndugu wapendwa, tuliona haya. Vidole vyake vilikwenda kwenye kibodi kama vya mpiga kinanda aliyezoea. Kwa programu ile, herufi H pekee humpeleka kutoka kichwa cha habari kimoja hadi kingine. K humpeleka kwenye kiungo kinachofuata. F humfikisha kwenye nafasi ya kujaza fomu. Ukurasa ambao sisi tulihitaji dakika kuutazama, yeye aliupita kwa pumzi moja, akatuambia habari ya tatu inahusu bei ya mahindi. Ile sauti ya kompyuta ilikuwa ya kukwaruza na yenye mwendo wa haraka mno kwa masikio yetu. Yeye aliisikiliza kama mtu asikilizavyo redio. Tangu siku ile alikuja kila Jumatano alasiri, nasi tukawa wanafunzi wake. Alitulazimisha kukichomoa kipanya na kukifungia kwenye droo. Majuma mawili ya kwanza yalikuwa ya mateso, tunakiri.

Jumatano moja alitufundisha kujaza fomu. Tab hukupeleka kwenye nafasi inayofuata, Shift na Tab hukurudisha, upau wa nafasi huweka alama kwenye kisanduku. Kisha akasema kwa sauti ya mwalimu: "Na kile kitufe cha kufutia herufi, Backspace, jihadhari nacho. Kama kielekezi hakimo ndani ya nafasi ya kuandikia, kivinjari kitadhani unataka kurudi ukurasa wa nyuma. Kila ulichoandika kitakwenda." Akaongeza kwamba likitokea hilo mtu asifadhaike, abonyeze mara moja Alt na mshale wa kulia, na mara nyingi maandishi huonekana tena. "Asithubutu kubonyeza F5," akasema.

Tulinyamaza. Yeye alidhani hatukuelewa, akarudia.

Hapo ndipo tunapofika kwenye lile tulilotaja mwanzoni. Mwaka 2014, tukiwa bado paroko msaidizi, mama mmoja wa bondeni alimleta binti yake aliyemaliza kidato cha sita. Walikuwa wamepanda mteremko tangu alfajiri. Ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma maombi ya chuo kwa njia ya mtandao, na walikuwa wamekwisha kufukuzwa na foleni mahali pengine mjini. Mama aliketi barazani na khanga yake mabegani, kwa maana ilikuwa majira ya baridi, nanyi mnaijua baridi ya Ufipa. Binti aliketi nyuma yetu kidogo, vyeti magotini ndani ya bahasha ya kaki, akitusomea namba za mtihani moja moja. Tulijaza kurasa nne. Modemu ilikuwa ikikatika na kurudi. Kila mara ilipokatika tulianza upya, na usiku ukaendelea kuingia.

Ukurasa wa mwisho, tukaona tumekosea mwaka wa kuzaliwa. Tukabonyeza Backspace ili tuufute. Kielekezi hakikuwamo mle ndani. Ukurasa ukaruka nyuma, ukawa mweupe. Kwa hofu tukabonyeza F5, mara moja, mara mbili, mara tatu. Fomu ikarudi tupu kama karatasi mpya, na salio likaisha. Duka la vocha lililokuwa karibu lilikwisha kufungwa. Tulipopata vocha kwa mlinzi wa jirani na kuunganika tena, saa sita ya usiku ilikuwa imepita, na mlango wa maombi ulikuwa umefungwa.

Tulitoka barazani kumweleza mama. Alisimama. Nasi tukasema, "Mama, mtandao umekataa."

Hakuuliza neno. Nani huuliza? Mtandao hukataa, mvua hukataa, gari hukataa. Alitushukuru kwa kujitaabisha usiku kucha, akatuachia kuku aliyekuwa amemleta, nasi tukampokea. Asubuhi waliteremka bondeni kwa miguu. Binti yule alikaa nyumbani mwaka mzima, akipanda mpunga katika shamba la mjomba wake, na katika mwaka ule kulikuwa na watu wawili waliofika kwa baba yake kuleta posa, akakaribia kuozwa. Mwaka uliofuata alikuja tena. Wakati huo tulikuwa tumekwisha kufundishwa na mwalimu. Fomu aliijaza mwenyewe, kwa Tab na Shift, sisi tukiwa tumesimama nyuma yake mikono mgongoni kama msimamizi wa mtihani. Ilipita.

Mwaka 2016 tulisoma kwamba watengenezaji wa kivinjari cha Chrome wamekiondolea kitufe cha Backspace uwezo ule wa kurudisha ukurasa nyuma, kwa sababu watu wengi walikuwa wakipoteza walichokijaza kwenye fomu. Tulisoma habari ile mara mbili. Hatukuwa peke yetu, basi. Duniani kote walikuwako watu waliokuwa wakibonyeza kitufe kilekile na kuona weupe uleule. Tunakiri kwamba kwa siku kadhaa tuliona nafuu, kana kwamba kosa limehamishiwa kwa wenye programu. Lakini wenye programu hawakumwambia mama yule kwamba mtandao umekataa. Mkono kukosea kitufe ni jambo moja, na tuliyoyasema barazani ni jingine, wala hilo la pili halina Alt na mshale wa kulia.

Ilituchukua miaka mingi. Binti yule sasa ni muuguzi katika mkoa mwingine, ana watoto wawili. Alipokuja likizo ya Noeli iliyopita alipitia parokiani kutusalimu, nasi tukamwomba aketi. Tulimweleza yote, tangu mwaka wa kuzaliwa hadi F5. Alitusikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama watoto wetu wafundishwavyo kumsikiliza mkubwa. Tulipomaliza akasema, "Baba, mimi nilijua. Nilikuwa nimekaa nyuma yako. Niliona kidole."

Tulimwuliza kwa nini basi hakusema. Akajibu kwamba usiku ule asingeweza kumwambia padre amekosea, na kwamba asubuhi, njiani, mama yake alikuwa akiulaani mtandao kwa hasira nyingi sana, naye akaona heri hasira hizo ziangukie huko. Kisha akatuomba jambo moja tu: tumwambie mama wenyewe. Alituruhusu pia kuyaandika haya, mradi jina lisitajwe.

Tuliteremka Juni, mvua zilipokwisha na barabara ya mteremko ikakauka. Mama alikuwa uani akipepeta mchele. Tulimsimulia. Aliuweka ungo chini, akanyamaza kwa muda, kisha akauliza kitufe chenyewe kikoje. Kompyuta mpakato ilikuwa garini, tukaileta, tukaifungua juu ya meza ndogo chini ya mwembe na kumwonyesha kwa kidole, pale juu upande wa kulia. Alikifuta vumbi kwa ncha ya khanga. Akakibonyeza mara moja, polepole, akiitazama ile skrini kama kuna kitakachotokea. Hakikutokea kitu.

"Ndicho hiki?" akauliza.

Tukaitika kwamba ndicho. Akakitazama tena, akauchukua ungo wake, akatuambia tusiondoke kwanza, wali unakaribia kuiva.